Helikopta ya Mawe Saba

Kuna nchi moja haimo kwenye ramani yoyote, kwa sababu ramani yake imeshachorwa lakini bado hajapatikana mgeni rasmi wa kuizindua. Ni nchi nzuri, yenye amani na viongozi wachapakazi, na ina mawe mengi kupita nchi zote jirani. Mawe yenyewe si ya milimani. Ni mawe ya msingi, yale mabamba ya marumaru yaliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu kwamba jiwe hili limewekwa na Mheshimiwa fulani, siku fulani, mbele ya wananchi waliojawa na furaha. Huko huwezi kuchimba hata choo cha shule bila jiwe la msingi. Na likishawekwa, mara nyingi watu huona hakuna haja tena ya kuchimba choo.

Kaskazini mwa nchi hiyo, ukingoni mwa Korongo la Lwembe, upo mji unaoitwa Kiteremko. Hospitali ya Kiteremko ilijengwa ng'ambo ya pili ya korongo, kwa sababu anazozijua shemeji wa waziri mmoja aliyekuwa na shamba huko. Ukisimama sokoni unaiona vizuri: bati lake jekundu, wauguzi wakianika mashuka, hata jogoo wa mlinzi. Ila kuifikia ni lazima uvuke daraja. Daraja lenyewe lilikuwa magogo sita yaliyofungwa kwa minyororo, na kila masika mto uliyachukua ukaenda nayo ulikokujua wenyewe. Lakini lilikuwa na mawe ya msingi manne, na kwa kuwa nchi ile kila jiwe huhesabiwa asilimia mia, taarifa ya serikali ilionyesha kwamba Daraja la Lwembe limekamilika kwa asilimia mia nne. Wabunge walipiga meza kwa furaha.

Katika mji huo aliishi fundi wa mashine za kusaga, Bi Sikudhani, mjane wa miaka hamsini na tatu, mfupi, mwenye grisi isiyotoka kwenye kucha na mdomo usiokuwa na breki. Ujanani alifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye karakana ya jeshi, akifungua na kufunga helikopta mbili zilizokuwa zikitolewa nje siku ya gwaride tu. Alizijua kama anavyoijua sufuria yake. Hakuwahi kufikiria kwamba ujuzi huo utamfaa kitu.

Masika ya mwaka mmoja, binti yake wa pekee, Zamda, alishikwa na uchungu magogo yakiwa yameshakwenda. Walimlaza ukingoni siku moja na nusu wakingoja maji yapungue. Maji hayakupungua. Mtoto wa kiume alizaliwa hapohapo matopeni, kimya, mama yake akiikodolea macho hospitali. Jina alikuwa ameshapewa tangu mimba ya miezi mitano: Chande, jina la marehemu babu yake. Sikudhani akataka kumwekea kaburini kijiwe kidogo chenye jina hilo. Fundi wa marumaru akamjibu, kwa masikitiko ya kweli, kwamba hana nafasi mpaka mwakani, mawe yote ya mji yana shughuli za serikali. Kaburi likabaki tuta tupu la udongo.

Miezi mitatu baadaye Zamda akashika mimba nyingine. Sikudhani akahesabu kwa vidole, akafika mwezi wa nne, katikati ya masika. Aliingia bandani kwake akafunga mlango, na tangu siku hiyo watu wa Kiteremko wakawa wanasagia unga wao kwingine.

Hakutaka kuvumbua kitu. Alitaka kuvuka mto.

*

Injini aliitoa kwenye pampu ya zimamoto iliyokufa. Pangaboi kubwa la juu alilichonga kwa mninga, akalivalisha bati kwenye kingo. Kiti cha rubani kilikuwa kiti cha kinyozi. Nyuma yake alifunga machela ya mtu mmoja kulala, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kitu chote. Aliipima kwa magunia ya mahindi akakuta ina nguvu ya kubeba watu wawili, na kanga zao, na labda kuku. Zaidi ya hapo, hapana.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja aliitoa helikopta hadi uwanja wa mpira. Iliunguruma, ikatetemeka, ikatoa moshi wa kutosha mji mzima, kisha ikanyanyuka. Ilifika juu ya paa la shule, ikakaa huko dakika nne, ikatua kwenye mahindi ya mwalimu mkuu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Zamda, na tumbo lake la miezi minne, alimkumbatia mama yake akalia bila kujificha.

Siku ya tatu akaja Ndugu Kibwe.

Ndugu Kibwe alikuwa Afisa Itifaki wa wilaya, kijana wa makamo mwenye suti moja, peni tatu mfukoni, na moyo mzuri aliouweka mbali na kazi yake. Aliizunguka helikopta mara mbili. Akainama, akachungulia chini.

"Shikamoo mama. Hongera sana. Jiwe la msingi liko wapi?"

"Marahaba. Jiwe la nini, baba? Hiki kitu kinaruka."

"Hilo ndilo linalotutia wasiwasi," alisema Kibwe kwa upole. "Kitu kisicho na jiwe la msingi si mradi. Kisicho mradi hakipati kibali. Na raia anayeruka angani bila kibali, Mama Zamda, sheria yetu inamtambua kama mchawi. Sasa wachawi wako chini ya wizara nyingine, na hao hawana utani."

Sikudhani aliliangalia lile tumbo la binti yake, akaiangalia ile suti. Akauliza, "Jiwe moja tu?"

"Moja tu," alisema Kibwe, na wakati anasema aliamini.

*

La kwanza aliliweka Mkuu wa Wilaya. Lilikuwa na kilo ishirini na nane bila kuhesabu maandishi. Mafundi wa halmashauri walilifunga ubavuni kwa bolti nne, ngoma zikapigwa, Kibwe akashika kipaza sauti akatamka maneno yake aliyoyapenda kuliko yote duniani: "Itifaki imezingatiwa." Sikudhani alijaribu kuruka jioni hiyo akiwa peke yake. Alifika usawa wa dirisha.

Mkuu wa Mkoa aliposikia kwamba mdogo wake kazini ameshaweka jina angani, alikuja na jiwe la kilo thelathini na tano. Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge akaleta lake. Ukaja ujumbe wa nchi rafiki, ukaweka jiwe lililoandikwa kwa lugha ambayo mpaka leo hakuna aliyeisoma, ila rangi yake ilisifiwa. Kila likiongezwa jiwe, taarifa ya maendeleo ilipanda kwa asilimia mia na helikopta ilishuka kwa inchi moja.

La tano aliliweka Waziri wa Mambo ya Juu mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Ntulwe, mtu mnene wa sauti nene, aliyekuwa na udaktari wa heshima kutoka chuo alichokiwekea jiwe la msingi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wenzetu wa nje helikopta zao zinaruka. Hatukatai! Lakini nawauliza, zimekaa juu ya nini? Juu ya hewa tupu! Hazina msingi! Sisi tumesema hapana. Helikopta yetu itakuwa ya kwanza duniani yenye msingi imara. Na haitakuwa moja! Tutajenga kiwanda hapahapa Kiteremko, kitakachotoa helikopta elfu moja kila mwaka!"

Akateremka jukwaani, akaweka jiwe la msingi la kiwanda kwenye shamba la mkonge lililokuwa jirani. Kwa kuwa jiwe limewekwa, kiwanda kikahesabiwa kimekwisha, na kwa kuwa kiwanda kimekwisha, zile helikopta elfu moja zikaingizwa kwenye takwimu za mwaka huohuo.

Walipofika kipindi cha maswali, Sikudhani alisimama.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyeitengeneza. Kwa mawe haya hainyanyuki hata ukiibembeleza. Na mimi nina mgonjwa wangu wa mwezi wa nne."

Waziri alitabasamu kama baba. "Mama yangu, mradi mwepesi hauheshimiki. Uzito huu unaouona ni uzito wa serikali kukujali."

La sita aliliweka mke wa Waziri kwa niaba ya akina mama wote. La saba lilikuwa jiwe la kumbukumbu ya kuwekwa kwa yale mawe sita. Hapo miguu ya helikopta ikazama ardhini, na Kibwe akalazimika kuwaomba wageni waiinamie ili wapate kuisoma. Pembeni pakabandikwa tangazo: atakayeondoa jiwe la msingi bila aliyeliweka kuwapo, kifungo cha miaka saba kwa kila jiwe.

Sikudhani aliandika barua kumi na moja. Alijibiwa moja, ikimwalika kwenye semina.

*

Mvua zilianza na mwezi wa nne, na magogo yakaenda siku ya tano yake. Siku ya kumi na mbili, saa tatu asubuhi, Zamda alishikwa. Mkunga wa mtaa, Bi Chausiku, alimpapasa tumbo kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akatoka nje akifuta mikono.

"Mtoto amekaa mshazari," alimwambia Sikudhani. "Huyu hazaliki hapa. Ng'ambo wangempasua, nusu saa imekwisha. Hapa, dada yangu, usinifanye niseme."

Sikudhani hakumfanya aseme. Aliwaambia majirani wambebe Zamda kwa kitanda mpaka uwanja wa mpira, yeye akatangulia mbio, spana namba kumi na tisa mkononi.

Uwanjani helikopta ilikuwa inalindwa na askari wawili wa halmashauri, na Ndugu Kibwe alikuwa ameketi mbele ya kitabu cha wageni chini ya mwavuli. Alipoiona ile spana alisimama.

"Mama Zamda, nakuomba. Usiguse jiwe."

"Baba, ondoka mbele yangu."

"Haliondolewi mpaka aliyeliweka awepo!"

"Basi waite wote saba waje. Yule kule mwanangu analetwa." "Mwaka jana ulikuja mazikoni, Kibwe. Ulishika sepetu kwa mkono wako. Unajua tulizika nini."

Kibwe aliwatazama askari. Wao walikuwa wameshaanza kushika bunduki, kwa uvivu lakini wameshika. Aliutazama umati uliokuwa unapanda mlima na kitanda. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine angelifikiria isipokuwa afisa itifaki: alifunga kifungo cha koti, akatia mikono ubavuni, akainua kidevu, akaanza kuimba wimbo wa taifa.

Sasa wimbo wa taifa wa nchi ile una beti tisa. Na ukishaanza, askari haruhusiwi kutikisika, kukohoa, wala kugeuza macho, adhabu yake ni kufukuzwa kazi na kunyimwa hata cheti. Askari wale walisimama wima kama mihimili, macho mbele, kuelekea goli la kaskazini. Helikopta ilikuwa upande wa kusini.

Sikudhani alipiga magoti kwenye matope. Bolti ya kwanza ilikuwa imeshika kutu. Aliitemea mate, akaisukuma kwa uzito wake wote, ikatoa mlio. Jiwe la Mkuu wa Wilaya likaja. Hakulitupa, maana alikuwa fundi hata katika hasira. Alililaza chini taratibu. Ubeti wa tatu, mawe mawili. Ubeti wa tano, mawe manne, ngozi ya kiganja imeshatoka. Kibwe alikuwa anaimba kwa sauti mbovu, isiyo na ufunguo wowote, mvua ikimwingia mdomoni, na pale pasemapo nchi yetu tutaitetea alikuwa analia. Alipofika mwisho wa ubeti wa tisa, jiwe la sita lilikuwa linalazwa chini. Akavuta pumzi. Akaanza tena mwanzo.

Lile la saba liliteremka kwenye ubeti wa pili wa mara ya pili. Zamda alilazwa kwenye machela, akafungwa kwa kanga tatu. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, na Sikudhani akaitukana tusi ambalo hadithi hii hairuhusiwi kulirudia. Ikawaka. Matope yakaachia miguu, mmoja, halafu mwingine, na helikopta ikanyanyuka mbele ya mji mzima uliokuwa umesimama wima kwa heshima ya taifa.

Kuvuka kulichukua dakika tatu. Sikudhani hakutazama chini hata mara moja. Alikuwa anazungumza, na Zamda alidhani anazungumza naye, lakini alikuwa anamwita Chande, sijui yule mume au yule mjukuu. Walitua kwenye kamba za mashuka za hospitali, bawa moja la pangaboi likavunjika, na wauguzi wakaja mbio wakiwa wamevikwa na upepo mashuka yao.

Mtoto wa kike alitolewa saa tano kasorobo, akipiga kelele za kuudhi. Sikudhani alizisikia akiwa amekaa barazani, akaegemeza kichwa ukutani, akacheka peke yake mpaka mlinzi akaingiwa na wasiwasi.

*

Alishtakiwa kwa kuondoa mawe saba, jumla miaka arobaini na tisa. Lakini kesi ilipokaribia, Wizara ya Mambo ya Juu ilipatwa na mawazo. Kumfunga ni kukubali kwamba helikopta iliruka. Na kukubali kwamba iliruka ni kukubali kwamba iliruka ilipovuliwa mawe. Waziri hakulala vizuri wiki nzima, akawaita wanasheria.

Mahakamani wakili wa serikali alisimama na kutoa hoja iliyosifiwa na magazeti yote mawili. Alisema kwa mujibu wa sheria, mradi uko pale yalipo mawe yake ya msingi. Mawe yote saba yako uwanja wa Kiteremko, yamelazwa kwa mpangilio mzuri. Kwa hiyo helikopta iko uwanja wa Kiteremko. Haijaondolewa jiwe, haijaruka, wala haijakwenda popote. Hicho kilichoonekana hospitalini ni vyuma tu.

"Na binti wa mshtakiwa alifikaje ng'ambo?" aliuliza Hakimu.

"Kwa daraja, Mheshimiwa. Limekamilika kwa asilimia mia nne."

Hakimu alimgeukia Sikudhani kwa uso wa huruma. "Mama, ni swali moja tu, kisha unakwenda nyumbani. Binti yako alivuka kwa daraja?"

Zamda alikuwa benchi la mbele na mtoto mgongoni, akimtingishia mama yake kichwa: sema ndiyo, sema ndiyo twende zetu. Sikudhani alishika kizimba kwa viganja vilivyokuwa bado na vidonda.

"Mheshimiwa, nikisema kwa daraja, basi daraja lilikuwepo. Na kama mwaka huu lilikuwepo, basi lilikuwepo na mwaka jana. Basi mjukuu wangu alikufa kwa sababu mama yake alikuwa mvivu wa kuvuka." Alimtazama Waziri, aliyekuwa ameketi nyuma ya wakili wa serikali. "Sisemi. Binti yangu alivuka kwa helikopta. Niliyavua mawe, ikaruka."

"Mahakama haikusikia," alisema Hakimu haraka.

"Iliruka!"

"Mahakama bado haikusikia."

Alilisema mara ya tatu mpaka popo wa darini wakahama. Hakimu akaandika kwa utulivu kwamba mshtakiwa, kwa uchovu wa umri, anajisingizia makosa ambayo serikali yenyewe imethibitisha hakuyatenda. Akamwachia huru. Sikudhani alitoka analia kwa hasira, na watu wakampongeza kwa kushinda.

Mwezi uliofuata helikopta ilizinduliwa rasmi. Mgeni rasmi alikata utepe mbele ya mawe saba, mawe yakapigiwa makofi. Kwa mujibu wa taarifa, mpaka leo imeruka saa elfu mbili bila ajali hata moja, rekodi ambayo mataifa makubwa hayajaifikia. Kiwanda nacho kimefikia asilimia mia tatu, na mkonge wake unastawi.

*

Ilimchukua Sikudhani wiki tatu kugundua alichopewa na ile hukumu. Aligundua akiwa jikoni, akaacha maharage yakaungua.

Vyuma vilivyoko hospitalini si helikopta. Hakimu ameandika, muhuri umepigwa. Kisicho helikopta hakihitaji kibali. Kisichokuwepo hakiwezi kuzinduliwa. Na hakuna kiongozi chini ya jua, hata Daktari Ntulwe, anayeweza kukiwekea jiwe la msingi kitu ambacho mahakama imesema hakipo.

Maji yalipopungua alivuka na kipande cha mninga begani, akachonga bawa jipya, akavirusha vyuma vyake kurudi nyumbani.

Masika yaliyofuata vyuma vile vilivusha wanawake kumi na wanne. Kila mngurumo unaposikika kutoka korongoni, Ndugu Kibwe hutoka ofisini, hufunga kifungo cha koti, huanza wimbo, na Kiteremko nzima husimama wima, macho kaskazini, askari kwa raia. Hakuna aliyewahi kuona kitu. Hospitalini, kwenye safu ya namna mgonjwa alivyofika, muuguzi huandika "kwa daraja" kama alivyoagizwa. Kwa ajili ya ongezeko hilo la wavukaji, daraja limepata jiwe la tano.

Waziri alikuja kuliweka mwenyewe. Baada ya sherehe alikwenda kimyakimya mpaka bandani kwa Sikudhani, akamkuta anapaka grisi. Mkwewe alikuwa na mimba ya miezi minane, alisema, na alikuwa anaishi Kiteremko na mumewe, na mvua hizi, na, yaani, akina mama wanasema kuna namna.

"Namna gani, Mheshimiwa?"

Waziri alikohoa. "Ile ambayo haipo."

Sikudhani angeweza kusema mengi na alikuwa nayo yote mdomoni. Lakini alimfikiria yule binti, ambaye hakuwa amemwekea mtu jiwe.

"Mwambie alale karibu na uwanja," alisema. "Na asije na mzigo. Inabeba watu wawili na kanga zao."

"Na kibamba kidogo tu, mama? Cha shukrani? Kilo mbili hazifiki."

"Hapana, baba. Nafasi imeshachukuliwa."

Hakumwongopea. Chini ya kile kiti cha kinyozi, mahali ambapo rubani peke yake anaweza kupafikia kwa mkono, kuna kipande cha bati kisichozidi kiganja, kimeandikwa kwa msumari jina moja: Chande. Hakuna tarehe ya uzinduzi, wala mgeni rasmi. Kila anapokaa kabla ya kuwasha injini, Sikudhani hupeleka mkono chini akakigusa, kuhakikisha kimefungwa vizuri.